Tunalipia kahawa au tunalipia kiti?

Lugha ya Kiswahili ina kejeli zake. Neno mkahawa limezaliwa na neno kahawa. Maana yake ya asili ni mahali pa kunywea kahawa. Hata hivyo, ingia leo katika mkahawa wa kawaida mjini Voi, Nakuru au Busia, uketi na kuagiza kinywaji moto bila kutaja jina lake, nawe utaletewa chai ya maziwa. Kahawa imekuwa mgeni katika nyumba iliyopewa jina lake.

Nililitafakari jambo hili hivi majuzi, shangazi yangu alipokuja Nairobi kutoka Mathira, katika kaunti ya Nyeri, kuonana na daktari wa macho. Shangazi amepindukia umri wa miaka 75. Alianza kuchuma kahawa akiwa msichana mdogo katika shamba la mlowezi, akisaidia kulijaza debe la mama yake, na tangu aolewe amekuwa na mibuni yake mwenyewe, isiyozidi 300. Mibuni hiyo ndiyo iliyowasomesha wanawe. Sasa kifungua mimba wake anamshurutisha aing'oe yote apande miparachichi, naye, pamoja na macho yake, alikuwa ameniletea swali. "Mwanangu," akaniuliza, "wewe unayeishi mjini, hiyo kahawa yetu watu huinywa kweli? Na huinunua kwa bei gani?"

Sikuwa na jibu la kumpa kwa mdomo. Nikaona heri twende tukaionje.

Tulianza katika mojawapo ya ile mikahawa ya kuku na vibanzi ambayo chakula chake hakibadiliki ukiwa Nairobi au ukiwa Eldoret. Kijana aliyetuhudumia aliweka kikombe cha karatasi chini ya mdomo wa mashine, akabonyeza kitufe, mashine ikanguruma, na kabla sijamaliza kuihesabu chenji yangu kahawa ilikuwa tayari, imefunikwa kifuniko cha plastiki. Bei yake ilikuwa shilingi 180. Shangazi alipiga funda moja akakitua kikombe haraka. "Hii ni moto tu," akasema. "Ngoja ipoe ndipo nijue kuna nini ndani yake." Ilipopoa aliionja, akaongeza sukari, akaionja tena, akaongeza tena. Hakuimaliza. "Ni kama maji yaliyochemshwa katika sufuria iliyounguza maharagwe," akaninong'oneza, asije akamuudhi yule kijana.

Kutoka hapo tulivuka barabara hadi katika duka la kahawa la aina ile inayosifika siku hizi: meza za mbao, taa hafifu, muziki wa chinichini, na wateja walioinamia vipakatalishi vyao kana kwamba wamo afisini. Hapa kikombe kilikuwa cha kauri, na juu ya povu la maziwa palikuwa pamechorwa jani zuri ajabu. Shangazi alilitazama kwa muda mrefu akiogopa kuliharibu. Bei yake ilikuwa shilingi 380. Aliponywa, alitulia kidogo kisha akasema, "Maziwa ni mazuri."

Ndipo alipomwita yule kijana aliyeitengeneza. "Mwanangu, kahawa hii imetoka wapi?"

"Ni ya hapa hapa Kenya, shosho."

"Kenya ni kubwa. Ya kiwanda gani? Ilichumwa msimu gani?"

Kijana alienda kuuliza. Aliporudi, uso ulikuwa umemchangamka. "Ni AA," akasema. Shangazi akacheka hadi machozi yakamtoka katika yale macho yaliyomleta mjini.

Sitayataja majina ya maduka hayo mawili, kwa maana kosa lao ni la wengi. Ila swali lilibaki mezani, nami naliweka mbele yako, msomaji. Kati ya kikombe cha kwanza na cha pili pana shilingi 200. Je, shilingi hizo zinanunua nini? Zinanunua kahawa iliyo bora zaidi, ama zinanunua kiti, muziki na lile jani?

Tuanze kwa kumtendea haki muuza kuku. Mikahawa ya vyakula vya haraka haikuzaliwa kwa ajili ya kahawa. Ilizaliwa Marekani, kwa watu wenye haraka na magari. Ndugu wawili wa ukoo wa McDonald walifungua mkahawa wao San Bernardino, California, mwaka 1940, na mwaka 1955 Ray Kroc akaanza kuieneza biashara hiyo kwa kanuni moja kuu: kila tawi litoe kitu kile kile, kwa namna ile ile, kwa dakika zile zile. Katika mpango huo kahawa ilikuwa msindikizaji. Iliwekwa pale kuteremsha mkate, au kubebwa ndani ya gari na kunywewa mbele ya safari.

Ukitaka kujua mambo hayo yaliifanya kahawa iwe ya namna gani, kumbuka kesi iliyosikika duniani kote. Mwaka 1992, mjini Albuquerque, ajuza wa miaka 79 aitwaye Stella Liebeck alimwagikiwa mapajani na kahawa ya senti 49 aliyoinunua McDonald's, akaungua vibaya hata akapandikizwa ngozi. Kesi iliposikizwa mwaka 1994 ilibainika kwamba kampuni hiyo iliagiza kahawa yake itunzwe katika joto la kati ya nyuzi 82 na 88 za Selisiasi. Wengi waliicheka kesi hiyo pasipo kujua majeraha ya bibi huyo. Mimi nataja joto hilo kwa sababu nyingine. Kahawa ya moto kiasi hicho haiwezi kuonjwa na ulimi wa binadamu. Imekusudiwa kusafiri. Utakapofika unakokwenda na kuinywa, umekwisha kulipa na kuondoka, na hakuna wa kumlalamikia.

Yapo na mengine. Kahawa iliyokwisha kupikwa ikiachwa juu ya bamba la moto huendelea kubadilika, na kila nusu saa inayopita uchungu wake huzidi. Iliyosagwa mapema hupoteza manukato yake kabla haijaonana na maji. Na kampuni inayotafuta ladha moja katika maelfu ya matawi haina budi kuchanganya kahawa za nchi nyingi na kuzikaanga hadi tofauti zao zipotee. Wengine huongeza robusta, ambayo ni rahisi kuliko arabika, huota katika nyanda za chini, ina karibu maradufu ya ile kemikali ya kafeini inayofukuza usingizi, na ni chungu zaidi. Sisemi kwamba robusta ni haramu. Majirani zetu wa Uganda wameilima kwa karne nzima na ipo iliyo nzuri. Nasema tu kwamba mahali pa haraka hutafuta kahawa isiyomshangaza mtu, na kitu kisichomshangaza mtu aghalabu hakimfurahishi.

Upande wa pili nao una historia yake, na ni vyema tuijue ili tusidanganywe na meza za mbao. Mwaka 1966 Mholanzi mmoja, Alfred Peet, alifungua duka mjini Berkeley, California, akawauzia Wamarekani kahawa aliyoikaanga mwenyewe. Miongoni mwa waliojifunza kwake ni vijana watatu waliofungua duka la Starbucks mjini Seattle mwaka 1971. Mwaka 1974 mfanyabiashara Erna Knutsen alitumia jina la kuitofautisha kahawa ya namna hii na nyingine zote: kahawa yenye ladha ya pekee inayotokana na mahali pake pa pekee. Mwaka 1982 wauzaji wa Marekani wakaunda chama chao, na baadaye kukawa na kipimo. Waonjaji husaga kahawa, huimwagia maji ya moto, hungoja dakika nne, huvunja utando wa juu kwa kijiko na kunusa, kisha hufyonza kwa kishindo kama mtoto anywaye uji. Huipa alama kwa harufu, ladha, ukali, uzito na usafi wake. Kahawa iliyopata alama 80 au zaidi kati ya 100 ndiyo inayostahili kuitwa ya pekee.

Tazama basi: kipimo hicho hakitaji kiti. Hakitaji muziki wala jani. Kinahusu punje tu, na mikono iliyozipitisha. Samaki mmoja akioza wote huoza, na punje moja iliyooza huweza kuuharibu mtungi mzima. Ndiyo sababu mkulima anayetaka bei nzuri hana budi kuchuma zilizoiva pekee, zile nyekundu, siku baada ya siku, badala ya kulikwanyua tawi lote kwa mkupuo mmoja.

Na hapa ndipo uchungu unaponishika, uchungu usio wa kahawa. Kwa kipimo hicho, kahawa ya Kenya haihitaji kumwamkia mtu yeyote duniani. Sehemu kubwa yake huota katika udongo mwekundu wa milima, kwenye miinuko ya mita 1,400 hadi 2,000 hivi, ambako baridi huifanya punje ikomae polepole na kukusanya utamu. Aina za SL28 na SL34, zinazosifiwa na waonjaji kutoka Tokyo hadi Oslo, zilichaguliwa katika maabara ya Scott, nje kidogo ya Nairobi, katika miaka ya 1930. Viwandani mwetu kahawa humenywa, huvundikwa, huoshwa kwa maji safi na kuanikwa juu ya meza za wavu, ikigeuzwa kutwa kwa mikono, aghalabu ya akina mama. Matokeo yake ni kinywaji chenye ukali mtamu wa matunda, kama zambarau zilizoiva na ndimu kidogo. Kila Jumanne ya mnada Nairobi, wanunuzi hutoa zabuni juu ya kahawa ambayo wamekwisha kuionja kijiko kwa kijiko. Wao wanaijua. Anayeilima haijui.

Sasa turudi kwenye ile AA iliyomchekesha shangazi. Wengi wetu tunaamini kwamba AA ni alama ya utamu. Sivyo. AA ni ukubwa wa punje. Kahawa iliyokobolewa hupitishwa kwenye chekeche. Punje kubwa huitwa AA, zinazofuatia huitwa AB, na zile za mviringo, zinazoota moja moja ndani ya tunda, huitwa PB. Ni kweli kwamba punje kubwa mara nyingi huuzwa ghali, lakini AB ya kiwanda kilicho makini huishinda AA ya kiwanda kizembe. Mtu anayekujibu "ni AA" ukimwuliza kahawa imetoka wapi ni kama mtu anayekujibu "ni mrefu" ukimwuliza jina la baba yake.

Hili lanirudisha kwenye kikombe cha shilingi 380. Shangazi alipoisifia maziwa hakuwa na nia ya kudhihaki. Kahawa ile ilikuwa imekaangwa hadi ikawa nyeusi tititi, na chochote kilichokuwa kimeletwa na udongo wa Nyeri, Embu au Kisii kilikuwa kimeteketea. Ladha iliyobaki ilikuwa ya mkaango wenyewe, nayo haina tofauti kubwa ukiwa umekaanga kahawa bora au hafifu. Yamkini ile ya muuza kuku na ile ya duka la fahari zilikuwa binamu wa karibu, mmoja amevaa karatasi na mwingine kauri.

Usidhani haya ni ya Nairobi pekee. Hao hao Starbucks walioifundisha Marekani kuketi na kunywa kahawa walijikwaa papo hapo. Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kampuni ilipoongeza maduka kwa maelfu, ililazimika kutumia mashine za kubonyezwa ili foleni zisiwe ndefu, na kahawa ikaanza kufika madukani ikiwa imefungwa katika mifuko isiyopitisha harufu. Mnamo Februari 2007 mwenyekiti wake, Howard Schultz, aliwaandikia wakuu wenzake barua iliyovuja hadharani, akilalamika kwamba mambo hayo yameyapokonya maduka yao roho na harufu ya kahawa. Mwanzoni mwa mwaka huo huo jarida la Consumer Reports, linalowatetea wanunuzi wa Marekani, lilichapisha matokeo ya waonjaji wake: kahawa ya McDonald's iliishinda ile ya Starbucks, ambayo walisema ilikuwa imeungua na ni chungu. Tarehe 26 Februari 2008, Starbucks ikafunga maduka yake takriban 7,100 ya Marekani kwa saa tatu na nusu ili wafanyakazi wafundishwe upya kutengeneza kahawa.

Wakati huo muuza mikate alikuwa akipanda ngazi. Mwaka 1993, mjini Melbourne, Australia, McDonald's ilifungua McCafé ya kwanza, na mnamo mwaka 2006 ikaanza kuwauzia Wamarekani kahawa bora zaidi ya ile ya zamani. Mmoja alikuwa akishuka, mwingine akipanda, wakakutana katikati. Funzo lake ni kwamba kibao kilichoko mlangoni hakipiki kahawa. Duka la fahari likianza kufanya haraka huwa duka la haraka lenye viti vizuri, na mkahawa wa haraka ukianza kujali huweza kumwaibisha mwenye fahari.

Naomba nipige hesabu kidogo, maana swali la shangazi lilikuwa pia la bei. Inahitajika kilo sita au saba za matunda mabivu kupata kilo moja ya kahawa safi isiyokaangwa. Kwa hivyo kilo moja ya matunda hutoa gramu 150 hivi, na baada ya kukaangwa hubaki kama gramu 120, kwani maji hutoka. Kikombe kimoja kizuri hutumia gramu 15. Kilo moja aliyochuma shangazi ni vikombe vinane, basi. Tuseme chama chake cha ushirika kimemlipa shilingi 100 kwa kilo hiyo, malipo ambayo kwa miaka mingi wakulima wengi waliyaota tu. Fungu lake katika kila kikombe ni shilingi 12 na nusu. Vikombe hivyo vinane, katika lile duka la meza za mbao, ni shilingi 3,040.

Sitaki kumchochea mtu. Mwenye duka analipa kodi ya nyumba, mishahara, umeme, maziwa, na mashine iliyo ghali kama gari. Mkaangaji ana gharama zake, na mwenye kukoboa pia. Jambo linaloniudhi ni jingine. Tofauti ya shilingi 200 kati ya vikombe viwili tulivyokunywa haikumfikia shangazi hata senti moja. Kama kahawa ni ile ile, fungu lake ni lile lile, nami nimelipia kiti. Njia ya pekee ya kuzifanya shilingi hizo zipande mlima hadi Mathira ni mnywaji kuitambua kahawa iliyotunzwa na kuidai, ili mwenye duka naye alazimike kuitafuta kwa jina lake na kuilipia.

Je, sisi tumejifunza kuitambua? Hatukufunzwa. Mmea huu uliletwa na wamisionari, na taarifa nyingi hutaja Bura, huko Taita, mwaka 1893. Kwa miongo kadhaa serikali ya kikoloni iliwakataza Waafrika wengi kuulima. Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa kidogo kidogo kuanzia miaka ya 1930. Wenyeji wengi wa Kati walingoja hadi mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Hata tulipopewa mmea, hatukupewa kikombe. Kahawa ilikuwa fedha za kigeni. Chai ilikuwa kinywaji. Baridi kali ilipoiteketeza mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei kupaa hadi mwaka 1977, wazazi wetu walijenga nyumba za mabati na kununua magari kwa kahawa ambayo hawakuwahi kuionja. Mkataba wa kimataifa uliogawa mafungu ya mauzo ulipovunjika mwaka 1989, bei ziliporomoka, na hawakuwa na soko la nyumbani la kuwapokea. Nchi iliyovuna karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88 sasa huvuna chini ya nusu ya hizo, na hadi leo zaidi ya asilimia 90 ya mavuno hupakiwa Mombasa kwenda ng'ambo. Mtu asiyekijua kitu chake huuzwa nacho.

Nasikia msomaji mmoja akiguna: "Haya ni ya wenye pesa. Mimi sina 380 za kikombe." Una haki, nami nakuunga mkono. Lakini nenda Mombasa jioni, kando ya Fort Jesus au katika vichochoro vya Mji wa Kale, umtazame muuza kahawa na dele lake la shaba juu ya makaa. Anaitwanga au kuisaga mwenyewe, anatia tangawizi, na kukumiminia katika kikombe kidogo pamoja na kipande cha kashata. Ni chungu, ni moto, na wateja wake hukaa barazani wakizungumza hadi usiku. Bei yake ni ndogo mno. Ameikaanga giza, ni kweli, wala hataki kukuonyesha zambarau. Amekusudia uchungu unaokutana na utamu wa kashata, naye anajua hasa anachokifanya. Ukimwuliza kahawa yake aliinunua wapi na aliikaanga lini, atakujibu. Basi umaskini wa mfuko haumzuii mtu kunywa kahawa ya heshima. Hata nyumbani yawezekana: nunua punje zilizokaangwa juma hili, zisage kabla tu ya kupika, mwagia maji yaliyotoka kuchemka na kutulia kidogo, ngoja dakika nne, chuja kwa kitambaa safi. Kikombe hicho kitakugharimu sehemu ndogo ya bei ya muuza kuku, na kitamshinda.

Kwa wenye maduka nina maswali matatu, nami nawasihi wasomaji wayaulize bila haya kila wanapolipa. Kahawa hii imetoka kiwanda gani? Imekaangwa lini? Imesagwa lini? Asiyeweza kuyajibu, na alipishe bei ya karatasi. Anayeyajibu, tumlipe na tumshukuru. Maduka ya namna hiyo yapo Nairobi, na yanaongezeka.

Najua kwa sababu shangazi alikataa kurudi nyumbani baada ya vikombe viwili. "Hatujaionja bado," akasema. Tukaenda hadi kijiduka kimoja chenye viti vinne na mashine ya kukaangia iliyokuwa pembeni, ikinuka kama mkate unaookwa. Msichana aliyekuwapo hakungoja kuulizwa. Alituambia kahawa imetoka Kirinyaga, akataja kiwanda na msimu, akasema aliikaanga siku sita zilizopita. Aliipima kwa mizani, akaisaga mbele yetu, akaimwagia maji polepole kupitia karatasi. Bei ilikuwa shilingi 300. Hakuleta sukari mpaka aombwe.

Shangazi aliinywa tupu. Alinyamaza kwa muda mrefu, hata nikadhani haikumpendeza. Kisha akasema, "Kirinyaga ni majirani zetu. Mvua yao ndiyo yetu." Akanywa tena. "Miaka hii yote, mwanangu. Nilidhani wazungu wanaifuata ili wasisinzie."

Mkorogo wa huzuni na fahari niliousikia katika sauti yake siwezi kuueleza. Mtu anayeonja kazi ya mikono yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka 60 na zaidi hana haja ya kufafanuliwa uchumi. Usione vyaelea, vimeundwa. Na huyu mmoja wa waundaji hakuwahi kupandishwa chomboni.

Alipokuwa akiondoka alinunua robo kilo ya punje zilizokaangwa, akakataa katakata nimlipie. Alisema atampikia mwanawe siku watakapoketi kuzungumza juu ya miparachichi. Sijui watakata shauri gani, wala sitawalaumu, kwa maana parachichi nalo hulipa na watoto hawasomi kwa fahari. Jana nilimpigia simu. Mibuni ingali imesimama, na macho yanaendelea vyema.